Baba anasubiri baipasi na mshipa wa shingo umeziba: asafishwe shingo kwanza?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71, ana kisukari cha muda mrefu na presha. Angiografia imeonyesha mishipa mitatu ya moyo imeziba, na tumeambiwa afanyiwe baipasi (upasuaji wa kushonea mishipa mipya ya kuipitishia damu pembeni mwa ile ya moyo iliyoziba) Dar es Salaam. Ultrasaundi ya shingo imeonyesha mshipa wa kushoto umeziba asilimia 75 na wa kulia asilimia 40. Hajawahi kupooza. Daktari ameandika pia CT scan ya kifua bila sindano, lakini hatujaifanya, hela zimebana na hatuoni inahusiana vipi na mishipa ya moyo. Jirani yetu alifanyiwa baipasi nje ya nchi, akaamka vizuri, siku ya tatu akapooza upande mmoja. Ndugu yetu aliyeko Muscat anasema shingo isafishwe kwanza, yaani mshipa wake ufunguliwe kwa upasuaji, au yote mawili yafanywe siku moja, na mzee apigwe MRI ya kichwa. Tufanye lipi? Binti wa mgonjwa, Tanga.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Mimi ni daktari wa usingizi katika upasuaji wa moyo. Kiharusi ndicho ninachokihofia tangu mgonjwa anapolazwa mezani mpaka anapofumbua macho na kunishika kwa mikono yote miwili. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu naona familia nzima imeelekeza macho shingoni, na kipimo ambacho mimi ningekipigania ndicho mlichokiweka kando.

Hiyo CT scan ya kifua fanyeni. Kama mfuko unaruhusu kipimo kimoja tu kati ya hicho na MRI ya kichwa, fanyeni CT ya kifua wala msijiulize mara mbili. Kama hela ndiyo kikwazo, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaeleze hali yenu kabla ya kukata tamaa, na kama mzee ana bima, ulizeni kama inalipia.

Kabla sijaeleza sababu, niseme jambo moja, maana hofu ya yaliyompata jirani inaweza kuwafanya mkatae upasuaji wenyewe. Katika hospitali zenye uzoefu, kwa wagonjwa 100 wanaofanyiwa baipasi, mmoja au wawili hivi hupata kiharusi siku za karibu na upasuaji. Umri mkubwa, kisukari, presha na mishipa iliyoharibika sehemu nyingine za mwili huipandisha hatari hiyo, na baba yako anavyo vyote vinne. Lakini mtazame na upande wa pili. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao FREEDOM, uliohusisha wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja ya moyo iliyoziba. Kundi moja lilipewa baipasi, jingine likawekewa stenti, vijibomba vya wavu vinavyopanua mshipa kutoka ndani. Baada ya miaka 5, waliokufa katika kundi la baipasi walikuwa asilimia 10.9 na katika kundi la stenti asilimia 16.3. Shambulio la moyo liliwapata asilimia 6.0 dhidi ya 13.9. Kiharusi ndicho kilichokwenda kinyume: asilimia 5.2 kwa baipasi, asilimia 2.4 kwa stenti. Kwa mtu wa aina ya baba yako, basi, baipasi kwa kawaida ndiyo inayompa miaka zaidi, na kiharusi ndiyo gharama tunayohangaika kuipunguza. Vipimo mlivyoandikiwa ni sehemu ya kuhangaika huko.

Sasa, kiharusi hicho kinatoka wapi? Watu wengi wanadhani kinatoka shingoni, kwa kuwa mishipa ya shingo ndiyo inayopeleka damu kichwani. Sehemu inayotutisha zaidi sisi tulio ndani ya chumba cha upasuaji iko chini kidogo: aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Aota hupanda juu kifuani, hujikunja, na kwenye ule mkunjo ndipo inapochipukia mishipa ya kwenda kichwani. Katika baipasi ya kawaida, daktari wa upasuaji huingiza mrija wa mashine ya moyo na mapafu kwenye aota inayopanda. Kisha huibana aota hiyo kwa kibanio cha chuma ili moyo usimame atie uzi kwa utulivu. Kisha hutoboa matundu madogo ukutani mwake na kushonea hapo mishipa iliyotolewa mguuni. Yote haya hufanyika sentimita chache tu kabla ya njia ya ubongo.

Aota ya kijana ni laini, haijali. Aota ya mtu wa miaka 70 mwenye kisukari na presha inaweza kuwa na mafuta na chokaa iliyojijenga ukutani kwa miongo. Ni sawa na bomba la chuma la zamani lililojaa kutu kwa ndani: ukilibana kwa koleo, kutu hubanduka, husafiri na maji, na kukwama penye bomba jembamba. Kwa mgonjwa, penye mabomba membamba ni ubongo.

CT ya kifua bila sindano huionyesha chokaa hiyo waziwazi, nyeupe kabisa, na huonyesha iko upande gani wa aota na imepanda mpaka wapi. Mgonjwa hulala, huzuia pumzi kwa sekunde chache, basi. Hakuna dawa inayochomwa mshipani, na kwa baba yako hilo ni jambo kubwa, kwa sababu dawa ya angiografia, ile iliyochomwa ili mishipa ya moyo ionekane kwenye picha, imeshapita kwenye figo zake na figo za mwenye kisukari hazipendi kupewa mzigo huo mara mbili kwa karibu. Mwongozo wa mwaka 2018 wa jumuiya za Ulaya za madaktari wa moyo na wapasuaji wa moyo unashauri kipimo hiki kifikiriwe kwa wagonjwa waliozidi miaka 70, au wenye dalili kwamba mishipa yao imeharibika sehemu nyingi. Baba yako anaingia kwa milango yote miwili: ana miaka 71, na shingo yake imeshatuambia habari. Hapa ndipo lile jibu la shingo lina faida ambayo pengine hamkuelezwa. Shingo iliyoziba inatuambia kwamba aota nayo ni ya kushukiwa.

Msomaji mmoja aliwahi kuniuliza faida ya kujua ni nini, ikiwa aota haiwezi kubadilishwa. Faida ni kwamba mpango wa upasuaji hubadilika, na hubadilika kabla kifua hakijafunguliwa. Chokaa ikiwa upande mmoja tu, mrija na kibanio huwekwa mahali pengine, na mpasuaji anaweza kuamua kubana mara moja tu badala ya kubana, kuachia na kubana tena. Ikiwa imeizunguka aota mzunguko mzima, kuibana hapo ni hatari mno. Kuna namna ya kufanya baipasi moyo ukiwa unapiga, bila mashine, na damu ya mishipa mipya ikachotwa kutoka kwenye mishipa miwili inayopita nyuma ya mfupa wa kifua, ili aota isiguswe kabisa. Hiyo ndiyo njia ambayo tafiti zimeihusisha na viharusi vichache zaidi, na mwongozo ule wa Ulaya unaipendekeza kwa wenye aota mbaya, mradi mikono inayoifanya iwe na uzoefu nayo. Sharti hilo la mwisho lina uzito. Si kila mpasuaji hodari wa baipasi ya kawaida anaifanya hii kila wiki, na mpasuaji mkweli atawaambia. Wakati mwingine picha ya CT husababisha timu ikae tena na kuamua kwamba stenti, pamoja na upungufu wake, ni salama zaidi kwa mgonjwa huyo. Uamuzi kama huo ufanywe mapema kikaoni, kwa utulivu, kabla kifua hakijawa wazi.

CT bila sindano ina upungufu wake: mafuta laini, yale yasiyo na chokaa, haiyaoni vizuri, na mafuta laini ndiyo yanayobanduka kirahisi. Kidole cha mpasuaji nacho hakiyahisi. Mpasuaji akipapasa aota na kuikuta laini anaweza kuridhika, kumbe ndani kuna kitu. Mimi huwa nina kipimo changu cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kinachopitishwa kooni mgonjwa akiwa amelala, na kinaona moyo vizuri mno, lakini bomba la hewa hupita katikati ya koo la chakula na sehemu ya juu ya aota inayopanda, na mawimbi ya sauti hayavuki hewa. Bahati mbaya sehemu ile isiyoonekana iko karibu kabisa na pale mrija na kibanio vinapowekwa. Dawa yake ni kuweka kichwa cha ultrasaundi, kikiwa kimevikwa mfuko safi usio na vijidudu, moja kwa moja juu ya aota baada ya kifua kufunguliwa. Huchukua dakika chache. Ukuta ukionekana umevimba zaidi ya milimita 5, au kuna kipande kinachoning'inia na kucheza na damu, hapo hapaguswi. Miongozo ya Ulaya na ya Marekani yote inakipa kipimo hiki nafasi, na bado kuna vyumba vingi vya upasuaji duniani ambavyo havikitumii kila siku. Naona ni hasara kubwa, kwa kuwa hakihitaji mtambo wa ajabu. Muulizeni mpasuaji wenu kama anacho. Hilo ni swali la heshima kabisa, wala hatalichukulia vibaya.

Turudi shingoni. Asilimia 75 inatisha ikisomwa kwenye karatasi. Ultrasaundi haipimi uwazi kwa rula. Hupima kasi ya damu, na damu ikipita kwa zaidi ya sentimita 230 kwa sekunde pale palipobanwa, tunakadiria kwamba mshipa umeziba asilimia 70 au zaidi. Makadirio hayo hutegemea sana mkono wa mpimaji, ndiyo maana uamuzi mzito hauegemezwi kwenye namba moja ya karatasi moja.

Kilicho muhimu kuliko namba ni kama mshipa huo umewahi kuleta dalili. Umesema hajawahi kupooza, lakini naomba ukae naye umuulize upya, taratibu, kwa sababu wazee wetu husahau au hupuuza. Je, katika miezi sita iliyopita mkono wa kulia uliwahi kulegea kwa dakika chache, kikombe kikamponyoka, kisha akarudi sawa? Je, aliwahi kushikwa na ulimi, akawa anatafuta maneno hayaji? Je, jicho la kushoto liliwahi kuingia giza kama pazia limeshushwa, kisha likafunguka? Nimetaja mkono wa kulia na jicho la kushoto makusudi, maana mshipa wa shingo wa kushoto hulisha nusu ya ubongo ya kushoto, inayotawala upande wa kulia wa mwili na, kwa watu wengi, usemi. Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, mpigieni daktari wake leo. Hapo mshipa huo ni mgonjwa mwenye dalili, na kuusafisha kabla ya baipasi au pamoja nayo ni jambo la kuzungumzwa kwa dhati.

Jibu likiwa hapana, ushauri wa ndugu yenu wa Muscat, pamoja na nia yake njema, siwezi kuuunga mkono. Mshipa mmoja uliobana bila dalili, na wa pili ukiwa wazi zaidi ya nusu, kwa kawaida hatuugusi kabla ya baipasi. Hatari hupanda sana pale mishipa yote miwili inapokuwa imebana vibaya, au mmoja umebana na mwenzake umeziba kabisa, na hapo ndipo miongozo inaacha mlango wazi wa kuusafisha hata kama hakuna dalili. Tathmini za tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba karibu nusu ya wanaopata kiharusi baada ya baipasi hawana tatizo kubwa la mishipa ya shingo. Kusafisha shingo nako ni upasuaji, na wenyewe unaweza kuleta kiharusi, au shambulio la moyo kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake bado imeziba.

Na kufanya yote siku moja? Wajerumani walilijaribu katika utafiti uitwao CABACS, uliochapishwa mwaka 2017. Waliwachukua watu ambao mshipa wa shingo ulibana asilimia 80 au zaidi bila dalili, nusu wakafanyiwa baipasi pekee, nusu baipasi pamoja na kusafishwa shingo. Ndani ya siku 30, kiharusi au kifo kiliwapata asilimia 18.5 ya waliofanyiwa yote mawili na asilimia 9.7 ya waliofanyiwa baipasi pekee. Utafiti ulisimamishwa mapema ukiwa na wagonjwa 129 tu, kwa hiyo idadi ni ndogo na tofauti hiyo haithibitishi kwamba kuunganisha kunadhuru. Lakini hakuna chochote ndani yake cha kumpa moyo mtu anayetaka kumaliza yote kwa mkupuo. Mimi mshipa wa shingo ninaufanyia kazi kwa njia nyingine. Nikijua upo, siachi presha ishuke wakati mashine inafanya kazi, na tunaweka vibandiko viwili kwenye paji la uso vinavyotuonyesha kiwango cha oksijeni kwenye ubongo pande zote mbili. Kipimo cha shingo kwangu ni hicho: onyo la kumlinda mgonjwa. Baada ya baipasi mzee ataendelea na dawa ya kupunguza mafuta na aspirini, na shingo itapimwa tena akiwa na moyo wenye nguvu.

MRI ya kichwa kwa mtu asiyewahi kupata kiharusi haitabadilisha chochote tutakachofanya. Kwa aliyewahi kupata, picha ya kichwa ni ya lazima, kwa sababu tunahitaji kujua kovu liko wapi na limekaa muda gani. Hela hiyo ielekezeni kifuani.

Eko ya moyo bila shaka ameshafanyiwa. Soma karatasi yake uone kama wameandika nguvu ya moyo kwa asilimia, na kama wamesema lolote kuhusu damu iliyoganda ndani ya chumba cha kushoto cha chini. Mtu aliyepata shambulio kubwa la moyo anaweza kubeba bonge la damu kwenye ncha ya moyo, na bonge hilo likiachiwa lisafiri, safari yake ni ileile ya ubongoni.

Kuhusu jirani yenu, siwezi kumtolea hukumu bila kuona majalada yake. Ila kuamka vizuri na kupooza siku ya tatu ni habari tofauti na ya mtu asiyeamka vizuri tangu mwanzo. Anayeamka na udhaifu huwa ameumia wakati wa upasuaji wenyewe, na aota ndiyo mshukiwa wa kwanza. Anayeumia siku chache baadaye, mara nyingi tunatafuta mapigo ya moyo yaliyovurugika. Katika kila wagonjwa kumi wa baipasi, wawili hadi wanne mapigo yao huvurugika, zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Damu hutuama kwenye kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, huganda, kisha hutoka. Hakuna picha ya kabla ya upasuaji inayoliona hilo likija. Kama baba yako amewahi kuambiwa kwamba moyo wake unapiga bila mpangilio, au ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imewahi kuonyesha hivyo, mwambieni mpasuaji, kwa sababu kifuko hicho kinaweza kufungwa palepale kifua kikiwa wazi. Utafiti wa LAAOS III wa mwaka 2021, kwa wagonjwa 4,770 wa upasuaji wa moyo waliokuwa na tatizo hilo tangu awali, ulionyesha kiharusi, pamoja na mabonge ya damu yanayokwama sehemu nyingine za mwili, vikishuka kutoka asilimia 7.0 hadi 4.8 kwa muda wa karibu miaka minne.

Mkienda kliniki, chukueni picha zenyewe za CT kwenye diski, msibebe karatasi ya majibu peke yake. Karatasi inaweza kusema "chokaa kwenye aota" bila kusema wapi, na mpasuaji anataka kuona kwa macho yake pale atakapoweka mkono. Muulizeni maneno haya, au mfano wake: aota ya baba ikoje, na utaigusa mara ngapi? Swali la pili: ukiikuta mbaya baada ya kufungua, mpango wako wa pili ni upi? Anayewajibu hayo kwa utulivu, mnaweza kumkabidhi mzee wenu.

Dawa msizisimamishe kwa ushauri wa mtu wa pembeni. Aspirini kwa kawaida huendelea mpaka siku ya upasuaji, na ya kupunguza mafuta vilevile. Klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ndiyo husimamishwa, kama siku 5 kabla, lakini tarehe hiyo itolewe na timu yenyewe, kwa maandishi.

Akishatoka chumba cha uangalizi maalumu na kuletwa wodini, zile siku za pili hadi ya nne pangeni zamu. Anayekaa naye amsemeshe, amwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili. Mdomo ukienda upande, mkono ukianguka au maneno yakichanganyika, msisubiri raundi ya asubuhi na msidhani ni usingizi wa dawa. Aliyetoka kufunguliwa kifua kwa kawaida hapewi ile sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa hatari ya kuvuja damu, na pale penye mtambo wa kulivuta bonge kwa mrija, dakika huhesabiwa. Muuguzi aambiwe palepale, na mwandike saa ngapi mzee alionekana mzima kwa mara ya mwisho, maana hilo ndilo swali la kwanza ambalo daktari wa zamu atawauliza.